Waja leo, waondoka leo: shajara ya bustani na popo wake

Bustani iko Tanga mjini, mahali ambapo ukitoka Ngamiani kwa baiskeli unafika kabla jasho halijakutoka. Jina silitaji, maana suala bado liko mezani kwa wakubwa na sitaki mtu aseme nimemharibia. Wa mtaani mnaijua. Mimi nina steshenari ng'ambo ya barabara: kopi, kuchapa, picha za pasipoti, barua za kuomba kazi. Kumbukumbu hizi niliziandika nyuma ya daftari la mauzo. Hapa nimezinakili, nikapunguza matusi.

Jumatatu, 1 Julai 2024

Kaja kijana mmoja, shati kachomekea, mkononi mchoro mkubwa kama mkeka. Anataka kopi nne. Mashine yangu mwisho wake A3, ikabidi niukunje, nitoe kipande kipande, kisha niunge kwa selotepu. Kazi ya kuunga mchoro huifanyi umefumba macho, lazima mstari ukutane na mstari. Ndipo nikauona msufi wetu, nikaiona mikungu na mivinje. Kila mti umezungushiwa duara, na kando ya kila duara pameandikwa "ondoa". Katikati kuna mstatili: fremu za maduka chini, ukumbi wa sherehe juu, na maegesho ya magari pale watoto wanapochezea mpira.

Nikampa kopi zake, nikapokea hela yangu, nikanyamaza. Anayechapa talaka za mtaa mzima hawezi kuanza kutangaza mambo ya wateja. Usiku lakini usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu.

Jumanne, 9 Julai

Tangazo limebandikwa. Karatasi moja tu, imepigiliwa misumari kwenye shina la msufi, umande umeshailegeza: kusudio la kubadili matumizi ya eneo, mwenye pingamizi aandike. Sasa si siri ya mteja tena. Nimelipiga picha, nikatoa kopi 60 kwa karatasi zangu, nikampa kila aliyepita, hata wauza madafu.

Jioni barazani kwa kahawa kila mtu mwanasheria. Mzee wa kahawa, ambaye miaka ya themanini alikuwa Nairobi akihangaika na mitumba, kasimulia ya mwaka 1989, walipotaka kujenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alianza na barua. Aliandika huku na huku, wakamkejeli hadi bungeni, na mwisho wafadhili wa nje wakajitoa, jengo likafa kwenye karatasi. "Alianza na barua, mwanangu," akanirudia mara mbili, huku ananimiminia. Barua ndiyo fani yangu, nikajua ananiambia mimi.

Mwalimu, aliyestaafu kufundisha baiolojia, akauliza: "Na popo?" Watu wakacheka.

Jumapili, 14 Julai

Kikao cha kwanza, chini ya mkungu. Watu 19. Nimechaguliwa katibu kwa sababu nina kalamu.

Hapa niseme jambo ambalo sikulitegemea. Kuwakusanya watu kuipinga fremu ni kazi rahisi. Huyu anataka kivuli, yule anataka uwanja wa watoto, mwingine ana picha ya harusi yake aliyopigia pale. Popo hakuna anayewataka. Wanapiga kelele tangu alfajiri, wanachafua magari, madoa yao hayatoki kwenye kanzu nyeupe. Mmoja alisema wazi: "Tuiokoe bustani, popo waondoke na mwekezaji." Kura zingepigwa siku ile popo wangeshindwa 17 kwa 2, na mimi nisingekuwa mmoja wa hao wawili.

Mwalimu hakubishana. Aliokota kungu lililotafunwa, akalipitisha mkono kwa mkono. Alama za meno zilikuwa pande zote. Akaeleza kwamba hawa wa kwetu ni popo wa matunda, wale wakubwa wenye manyoya ya rangi ya nyasi kavu shingoni, wataalamu wanawaita Eidolon helvum. Akikunjua mabawa anafika sentimeta 75. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, kwa hiyo ukiwapunguza hawarudi upesi kama panya. Wanalala wengi pamoja kwenye miti mirefu, hata katikati ya miji, na usiku wanakwenda mbali kutafuta matunda, wakirudi wanadondosha mbegu njia nzima. Maua ya msufi na ya mbuyu hufunguka usiku kwa sababu anayeyachavusha ni mtu wa usiku. "Na mvule," akasema, "mnaoulilia kila mkitaka mlango wa maana. Mbegu zake ndogo kama za nyanya. Mpanzi wake mkubwa ni huyu."

Mama anayeuza juisi getini akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Sawa Mwalimu, nimeelewa. Sasa huyo popo atanilipia ada ya mtoto? Mimi nimeambiwa nitapata fremu." Hakuna aliyemjibu. Swali lilikuwa la haki.

Alhamisi, 18 Julai

Barua ya pingamizi imekwenda, nakala tano, dispachi imesainiwa. Nimetaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwamba mradi wa aina hii unadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, na kwamba wananchi wanapaswa kusikilizwa. Nimetaja Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Nimetaja Ibara ya 27 ya Katiba, kila mtu ana wajibu wa kulinda maliasili, maana ukimwambia mkubwa "wajibu" badala ya "haki" anakusikia kwa sikio jingine. Nikamalizia: "Bustani ina popo zaidi ya 4,000."

Hiyo 4,000 niliitoa wapi? Kichwani. Ilikaa vizuri kwenye sentensi.

Ijumaa, 26 Julai

Tumeitwa, mimi na Mwalimu. Ofisa mwenyewe mpole, katukaribisha viti. Kasoma barua yote kwa sauti ya chini, akafika pale: "Elfu nne. Mmewahesabuje, dada yangu?"

Nikatazama kiatu.

Akaongeza neno ambalo limenikera mpaka leo: wanyama wana mahali pao, kuna Saadani, kuna Amani, mjini ni pa watu. Mwalimu akamjibu polepole kwamba silikanti, yule samaki wa kale, hakuwa na mahali pake Tanga mpaka wavuvi wetu walipoanza kumnasa kwenye majarife ya vilindini, kuanzia miaka ya 2003 na 2004, na wataalamu wakawa wanamwandika mmoja mmoja, lini na wapi. Hifadhi ya bahari ya silikanti ikatangazwa 2009. "Aliandikwa kwanza, mheshimiwa. Mahali pake pakaja baadaye." Ofisa akatabasamu, akasema basi na nyie andikeni.

Njiani Mwalimu hakunilaumu. Angenilaumu ningejisikia nafuu.

Jumamosi, 3 Agosti

Kuhesabu popo, kwa atakayetaka kujaribu kwake. Mchana huwezi, wamening'inia mafungu mafungu kama maembe yaliyooza na wanasogeleana. Unawasubiri watoke. Jua likishazama na adhana ya magharibi imekwisha, anaondoka mmoja, kama anayekwenda kupima maji. Kisha watatu. Kisha mbingu inafunguka, na kwa dakika ishirini hivi hupati nafasi hata ya kumpiga mbu.

Tumejigawa pande nne za bustani, na mbingu tumeigawa kwa alama: kutoka mnara wa simu hadi mnazi uliopinda ni yako, usiguse ya mwenzio. Kila mtu ana mkebe wa maziwa na mfuko wa kunde. Ukihesabu popo kumi, unatumbukiza punje moja. Macho hayashuki kwenye karatasi, sikio linasikia tu "ti". Akili ya kunde ni ya Mwalimu. Mimi nilitaka tununue vile vihesabio vya kubonyeza, nikatajiwa bei, nikaenda genge la jirani nikapima nusu kilo.

Siku ya kwanza popo 1,870. Tukashangilia. Baadaye ikabainika kijana wa upande wa bahari alitumbukiza konzi nzima ili ashinde. Siku ya pili 1,310. Ya tatu, kijana kasimama na bibi yake nyuma, 1,340.

Jumapili, 4 Agosti

Ugomvi wa kwanza wa kweli. Je, tuandike barua ya kusahihisha? Nusu yetu tulisema tuache, 4,000 imeshaingia kwenye jalada, anayeibisha na aje ahesabu. Mimi nilikuwa katika nusu hiyo, na sababu yangu ilikuwa aibu tu. Mwalimu akasema: "Wakikukuta umedanganya popo, watasema umedanganya na saini." Tukakubaliana kwa uchovu. Nimechapa: "Katika barua yetu ya tarehe 18 Julai tulikosea." Vidole vilikuwa vizito kuliko siku niliyochapa wosia wa baba.

Jumamosi, 24 Agosti

Mkutano wa mtaa. Umejaa, kwa vile uchaguzi wa serikali za mitaa ni Novemba 27 na kila mwenye nia amekuja kuonekana. Alikuja mmoja na kofia ya chama, tukamwomba aivue, akaivua akaikalia.

Hoja ya ugonjwa ndiyo iliyotutoa jasho. Mama mmoja alisimama: "Machi mwaka jana Kagera watu wamekufa kwa Marburg. Si wanasema ni popo?" Kimya kikaingia. Nilifurahi Mwalimu hakumcheka. Alisema ni kweli, Marburg ilizuka Kagera 2023, na popo anayejulikana kuibeba ni jamii nyingine, anayelala mapangoni. Wa kwetu analala mitini. Hata hivyo, akasema, popo yeyote asishikwe kwa mkono, asiliwe, na embe lililong'atwa lisigombaniwe na mtoto, litupwe. Na ukiwafukuza kwa moshi au kukata mti hawayeyuki. Wanatawanyika, wanaingia kwenye mti wa uani kwako na kwenye dari la shule. "Mnaowaogopa, hapa mnawaona wako wapi."

Nadhani sentensi hiyo ilifanya kazi kuliko mvule wote. Muhtasari umeandikwa kwamba mkutano haukuafiki mradi. Ulisainiwa na kupigwa mhuri baada ya siku tisa, mwenye mhuri alikuwa msibani Korogwe.

Jumamosi, 7 Septemba

Saini 214. Zingefika 300 kama si uchaguzi. Wengi wanauliza karatasi inakwenda chama gani, na mmoja alidhani ni mkopo wa kausha damu, akataka kujua riba. Tunamwonyesha kila mtu mstari wa juu kabla ya kalamu.

Ombi la taarifa nalo limekwenda: tunaomba nakala ya mkataba, kama upo, kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Siku 30 za kujibu. Nimezizungushia kwenye kalenda ya ukutani.

Kuna aliyekuja na hoja ya mita 60, kwamba sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tukachukua futi kamba ya fundi ujenzi, tukapima kutoka maji yanapoishia. Bustani iko mbali mno. Hoja nzuri, haituhusu. Imefutwa.

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi, ofisi zote zimefungwa. Saa tatu asubuhi nimesikia chenso.

Nilipofika mabati ya uzio yalikuwa yameshasimama upande mmoja mzima, na mkungu wa pembeni uko chini. Popo wote walikuwa hewani, mchana kweupe, wanazunguka bila kwenda popote, na kunguru wanawafukuzia. Sauti yao mchana si ile ya alfajiri. Ni kama bawaba elfu moja zisizo na mafuta.

Kwenye tundu la mkungu ule kulikuwa na komba. Usiku wote tuliokaa pale tulimsikia akilia kama mtoto mchanga na hatukuwahi kumwona. Sasa akawa juu ya bati, macho yamekodoka, masikio yameanguka kama majani ya kisamvu yaliyokatwa jana. Akajaribu kupanda, bati likateleza, akashuka kwa kucha akiacha michirizi minne. Akajaribu tena. Kijana wa kunde, yule wa konzi, akavua shati akaenda taratibu, nia amtupie juu yake amwondoe, Mwalimu akamzuia: "Muache njia tu. Sote turudi nyuma." Tukarudi. Hata wale wenye chenso walizima, wakarudi nyuma. Komba akatazama huku, akatazama kule, akakimbia chini kwa kurukaruka kama chura mwenye mkia, akapotelea kwenye mwembe wa nyumba ya pili.

Fundi wa chenso akaniambia: "Dada, mimi nimepewa kazi ya siku moja." Namwamini.

Barua ya malalamiko niliichapa kwa generata, umeme ulikuwa umekatika. Mti umekatwa kabla ya tathmini, siku ya sikukuu, pingamizi likiwa mezani. Picha 11 zimeambatishwa, pamoja na ile michirizi.

Alhamisi, 19 Septemba

Kazi imesimamishwa. Kwa mdomo, bila karatasi. Mabati yamebaki.

Jumatano, 25 Septemba

Tumeongea na wakili, rafiki wa binti wa Mwalimu, kwa simu ya kikombe kimoja cha chai. Kuishtaki halmashauri yoyote kunataka kwanza notisi ya siku 90. Tukapiga hesabu ya siku na ya hela, tukaamua notisi iandikwe, ikae tayari, isipelekwe bado. Mzee wa kahawa kasema wakili na daktari wa meno unawatembelea kabla hawajawa wa lazima.

Jumapili, 29 Septemba

Kunde hazikulia.

Tumekaa mpaka giza likawa giza. Walitoka kumi na wawili, labda kumi na watatu. Wiki iliyopita walikuwa wamepungua nusu na tukadhani ni hesabu zetu. Nikamgeukia Mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu Julai nilimwona hana jibu mdomoni. Baadaye akasema, kwa sauti ya mtu anayejilaumu: "Wamehama. Nilijua wanahama. Sikuandika."

Popo hawa ni wasafiri. Wanafuata matunda yanapoiva. Huko Kasanka, Zambia, kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba mamilioni yao hukusanyika kwenye kipande kidogo cha msitu, wanatoka pande zote za nchi za jirani, msimu ukiisha wanatawanyika. Jambo linalojulikana, limo vitabuni, na katika barua zetu zote sita hakuna palipoandikwa kwamba kuna miezi ambayo utakuja na hutamkuta hata mmoja.

Na ukaguzi umepangwa Oktoba 10.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wakaguzi wanne, mwakilishi wa mwekezaji na yule kijana wa kuchomekea, ambaye alinisalimia vizuri tu, "shikamoo dada". Jua kali. Miti kimya kama msikiti saa nne asubuhi.

Mwakilishi akainua kichwa, akazunguka polepole ili kila mtu amwone anazunguka. "Hao popo 1,300 ndio hawa?" Watu wakacheka, na wa kwetu wakiwemo. Mzee wa kahawa akadakia: "Ndio popo wa Tanga hao, bwana. Waja leo, waondoka leo." Wakacheka tena, na safari hii kicheko kikawa cha kwetu.

Mkaguzi mmoja, mama mtu mzima, hakucheka mara zote mbili. Akauliza: "Mna nini cha kunionyesha?"

Mwalimu akamwonyesha matawi ya juu ya msufi, yaliyopukutika majani na kuchunika gome pale kucha zilipozoea kushika. Akamwonyesha benchi la saruji lenye tabaka la mavi makavu, akachokoa kwa kijiti, mbegu zikamwagika. Kisha akaomba ngazi. Kibanda cha mlinzi kina mfereji wa mvua haujasafishwa miaka. Ndani yake, kwenye tope, kulikuwa na miche midogo imesimama mstari, mirefu kama kidole cha kati.

"Huu ni nini?" mama akauliza.

"Mvule."

"Mvule hauna jani hili." Akawa anajua anachosema, jani la mvule mkubwa ni laini pembeni.

"Mkubwa hauna. Mtoto ana meno na manyoya, akikua yanapotea. Pitisha kidole."

Akapitisha. Akapitisha tena, kinyume. Kisha akatazama huku na huku bustani nzima akitafuta mvule mama, hakuuona, kwa sababu haupo, wala mtaa wa pili haupo. Hakusema kitu. Akashuka, akaomba daftari la hesabu, akapiga picha kurasa zote, ikiwemo ile ya 1,870 iliyokatwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa pembeni "konzi".

Alichokaa nacho muda mrefu kuliko vyote ni barua yetu ya kusahihisha.

Jumamosi, 26 Oktoba

Jibu la ombi la taarifa limefika, siku 19 baada ya muda. Mkataba hakuna, kuna "mazungumzo ya awali". Kwa hiyo mabati yalisimamishwa juu ya mazungumzo.

Mama wa juisi kaja dukani kutoa kopi ya kitambulisho. Kaniambia bila kuulizwa: fremu inadaiwa kilemba na kodi ya miezi sita mbele, na waliotangulia kuandikishwa wametoka Dar. Sikumwambia nilikuambia, kwa sababu sikuwahi kumwambia. Nikamtolea kopi bure. Hakusaini karatasi yetu, na mimi sikuitoa.

Jumamosi, 30 Novemba

Uchaguzi umepita, mwenyekiti wa mtaa ni mpya. Tumempelekea jalada lote, kurasa 83, nimelifunga kwa spairo. Kasema atasoma. Wa zamani alisema hivyo hivyo, ila huyu aliuliza komba alipona.

Jumatano, 11 Desemba

Barua. Maombi ya kubadili matumizi yamerudishwa kwa mwombaji. Akitaka kuendelea alete kwanza tathmini kamili ya athari kwa mazingira, na tathmini hiyo ihusu "misimu yote ya kuwepo na kutokuwepo kwa popo". Maneno hayo ni ya mama wa ngazi, naapa. Mwaka mzima wa kuhesabu, kwa gharama ya mwekezaji.

Barazani wamefurahi kama tumeshinda. Maombi yamerudishwa, hayajakataliwa, na anayerudishiwa anaweza kurudi. Mabati hayakutajwa popote, wala mkungu.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua ya vuli imepiga tangu adhuhuri. Tumekaa chini ya kibanda tukidhani tunajisumbua. Saa moja kasoro kumi akatoka mmoja kwenye msufi. Kijana wa kunde akanishika mkono, hakusema kitu. Wengine wakafuata, wamelowa, wanapiga mabawa kwa uzito.

Hesabu: kunde 21 na popo wawili. 212.

Panya wamekula kunde zilizobaki kwenye droo. Jumatatu: kununua robo kilo nyingine, na kupeleka barua ya mabati.